Ufizi Utokao Damu: Kukwangua Kwanza, Kisha Dawa

Watu wengi hudhani ya kwamba jino hung'oka kwa sababu ya kuoza tu. Sivyo. Meno mengi yasiyo na tundu hata moja hulegea na kung'oka kwa ajili ya ugonjwa wa ufizi. Ugonjwa huu huanza polepole, mara nyingi bila maumivu: damu kidogo wakati wa kupiga mswaki, harufu mbaya kinywani, na ufizi kuvimba.

Asili yake ni utando laini wa vijidudu ushikao juu ya meno kila siku. Usiposuguliwa, hugeuka kuwa ukoga mgumu ambao mswaki hauwezi kuuondoa. Vijidudu hushuka chini, ufizi huachana na jino, na kifuko hufanyika kati yao. Penye afya nafasi hiyo ni milimita 1 hadi 3. Ikifika 4 au zaidi, na damu ikitoka, ni dalili ya ugonjwa. Mfupa unaoshika jino huliwa, na ukisha kuliwa ni vigumu sana kurudi.

Wagonjwa wengine hununua vidonge dukani wakitumaini kupona. Lakini vijidudu hivyo hujificha katika utando wao kama mchwa ndani ya kichuguu: dawa ikimwagwa juu, walio ndani husalimika. Sharti kichuguu kibomolewe kwanza. Ndiyo kazi ya daktari wa meno, kukwangua ukoga juu na chini ya ufizi. Wagonjwa walio wengi hupata nafuu kwa kazi hiyo pamoja na mswaki, bila dawa za antibiotiki.

Hata hivyo wako wanaohitaji yote mawili, hasa vijana ambao mfupa wao umeliwa vibaya na mahali pengi. Mwaka 1962 daktari D. L. S. Shinn alieleza habari za mwanamke aliyepewa metronidazoli kwa ugonjwa mwingine, na vidonda vya ufizi wake vikapona pia. Mwaka 1989 wataalamu wa Uholanzi wakaeleza faida ya kuitumia pamoja na amoksilini, meno yakisha kukwanguliwa. Kwa kawaida dawa hizo humezwa kwa siku chache tu, kama siku 7.

Yafaa mgonjwa amwambie daktari kama penisilini humdhuru. Asinywe pombe anapotumia metronidazoli. Amalize dawa kama alivyoagizwa, wala asimgawie jirani, kwa maana dawa itumiwayo ovyo huzaa vijidudu sugu, na siku ya homa kali haitafaa kitu.

Baadaye ulinzi uko mkononi mwake mwenyewe: mswaki mara mbili kila siku, kuacha tumbaku, na kuangalia kisukari ikiwa anacho. Na mwenye kuona damu leo asingoje mpaka jino litikisike.