Tathmini ya Mswada wa Riwaya Kabla ya Kuufikisha kwa Mchapishaji

Mswada wa riwaya, yaani andiko kamili ambalo mtunzi amelimaliza lakini halijachapishwa kuwa kitabu, hupita katika mikono mingi kabla ya kumfikia msomaji anayekinunua kitabu, na miongoni mwa mikono hiyo upo mmoja ambao waandishi wengi wa Kiswahili huuruka kwa haraka ya kutaka kuona majina yao juu ya jalada. Mkono huo ni wa mtathmini wa mswada, msomaji mwenye ujuzi wa fasihi na uhariri ambaye hulipwa au huombwa aisome kazi yote, kisha amwandikie mtunzi taarifa inayoeleza hadithi imesimama wapi, imeyumba wapi na kwa sababu gani. Tathmini ya namna hiyo hutofautiana na maoni ya ndugu na marafiki, ambao humpenda mtunzi kabla ya kuupenda mswada. Hutofautiana pia na uamuzi wa mchapishaji, ambaye hupima kama kitabu kitauzika na kama kinaoana na vitabu vingine anavyovitoa, na ambaye akikataa halazimiki kueleza sababu. Hoja inayojengwa katika makala haya ni kwamba uchapishaji wa Kiswahili umeweka misingi imara ya ukaguzi wa lugha lakini haujaupa ukaguzi wa usimulizi nafasi inayolingana nao, na kwa hiyo mtunzi anayetaka riwaya yake ikomae hana budi kuutafuta ukaguzi huo wa pili kwa juhudi zake mwenyewe, tena autafute kwanza.

Hali hiyo ina mizizi katika historia. Baada ya mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 kuichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, iliundwa mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ambayo miongoni mwa majukumu yake ilikuwa kuipitia miswada ya vitabu na kuidhinisha lugha iliyotumika, hasa katika vitabu vilivyokusudiwa shule. Baraza la Kiswahili la Taifa, yaani BAKITA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, limeendeleza kazi ya namna hiyo nchini Tanzania kwa kutoa ithibati ya lugha, yaani uthibitisho kwamba kitabu kimeandikwa kwa Kiswahili fasaha na sanifu, na kwa upande wa Zanzibar lipo Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA. Mafanikio ya vyombo hivyo ni makubwa na hayapaswi kubezwa, kwa kuwa bila ya vyombo hivyo tahajia na istilahi zisingekuwa na utulivu zilizo nao leo. Hata hivyo, ithibati ya lugha hujibu swali moja tu, nalo ni kama sentensi zimeandikwa ipasavyo. Haijibu kama sura ya tatu inastahili kuwapo, wala kama mhusika mkuu ana sababu ya kutenda anayoyatenda.

Njia ya pili ambayo mswada wa Kiswahili umekuwa ukipimwa kabla ya kuchapishwa ni mashindano. East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa mwaka 1948 kwa ajili ya kukuza uandishi na uchapishaji katika Afrika Mashariki, liliendesha mashindano ya uandishi wa hadithi ambayo Muhammed Said Abdulla alishinda katika msimu wa 1957 na 1958 kwa mswada wa Mzimu wa Watu wa Kale, na kitabu hicho kilipotoka mwaka 1960 kikafungua mfululizo wa riwaya za upelelezi za Bwana Msa. Leo zipo tuzo zinazopokea miswada ambayo haijachapishwa, kama vile Tuzo ya Kiswahili ya Safal, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Tuzo hizo humtambulisha mwandishi na kumfungulia mlango wa uchapishaji, lakini kazi ya jopo la waamuzi ni kupanga miswada kwa ubora wake, si kumfundisha kila mshiriki namna ya kuirekebisha kazi yake. Mtunzi ambaye jina lake halikutajwa hubaki akijua kwamba hakushinda, bila ya kujua kama tatizo lilikuwa katika mwanzo uliochelewa, katika mwisho usioaminika, au katika ukweli kwamba mwenzake aliandika vizuri zaidi.

Namna tathmini inavyoweza kuibadili riwaya huonekana wazi katika kisa cha mwandishi wa Nigeria, Chinua Achebe, ambaye riwaya yake ya kwanza wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa jina la Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute. Mwaka 1956 Achebe alikwenda London kwa mafunzo katika shule ya watumishi wa BBC, na huko alimpa mswada wake Gilbert Phelps, mwandishi wa riwaya aliyekuwa mmoja wa wakufunzi, ili ausome. Phelps aliuona una thamani, akataka kuupeleka kwa wachapishaji, lakini Achebe aliomba muda wa kuurekebisha kwanza, kwa sababu mswada wa wakati huo ulikusanya ndani ya kitabu kimoja habari za vizazi mbalimbali vya ukoo wa Okonkwo. Aliporudi Nigeria aliziondoa sehemu za pili na tatu, akabaki na habari za Okonkwo peke yake, akazipanua na kuzipanga upya. Kitabu kikatolewa na Heinemann mwaka 1958, na habari za Obi, mjukuu wa Okonkwo, zikapata riwaya yao wenyewe, No Longer at Ease, mwaka 1960. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba badiliko lililoifanya riwaya ile iwe kama ilivyo lilihusu umbo la hadithi nzima, na hakuna usahihishaji wa sentensi, hata ufanywe kwa uangalifu wa namna gani, ambao ungeweza kulizaa badiliko hilo.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa uhariri huigawa kazi ya kuupitia mswada katika ngazi tatu ambazo hufuatana na hazibadilishani nafasi. Ngazi ya kwanza ni tathmini ya ujenzi wa hadithi, ambayo huuchunguza mswada kwa ujumla wake. Ya pili ni uhariri wa lugha, ambao hupitia aya na sentensi moja moja kwa kuangalia ufasaha, upatanisho wa kisarufi na ulinganifu wa mtindo. Ya tatu ni usomaji wa prufu, yaani nakala ya majaribio iliyokwisha kupangwa kurasa, ambao hunasa makosa ya chapa yaliyosalia. Mwandishi anayemlipa mhariri wa lugha kabla ya ujenzi wa hadithi kutulia hupata hasara maradufu, kwani sura zilizong'arishwa huenda zikaondolewa na sura mpya zitakazoandikwa zitahitaji kuhaririwa tena. Kufanya hivyo ni sawa na kupiga pasi kitambaa ambacho fundi hajakikata.

Katika ngazi ya kwanza, mtathmini huanza na msuko, yaani namna matukio yalivyounganishwa hata moja likawa sababu ya jingine, na hapo huuliza kama tukio fulani likiondolewa hadithi itaporomoka au itaendelea kana kwamba halikuwapo. Katika riwaya ya upelelezi, kwa mfano, swali hilo huwa kali zaidi, kwa kuwa msomaji anayefuatana na Bwana Msa na rafiki yake Najum anatazamia kwamba dalili zitakazofumbua fumbo zimekwisha kuwekwa mbele ya macho yake, ingawa zimefichwa miongoni mwa mambo mengine. Dalili inayojitokeza kwa mara ya kwanza katika ukurasa wa mwisho humfanya ajione amedanganywa. Mtathmini huupima pia mwendo, yaani kasi ambayo hadithi inasonga nayo, na huweka alama mahali ambapo kurasa kadhaa zimetumika kueleza mambo ambayo mazungumzo mafupi yangeyadhihirisha, au ambapo tukio zito limepitwa kwa sentensi mbili. Kwa upande wa wahusika, hutazama kama kila mmoja ana haja yake mwenyewe na sauti yake mwenyewe, au kama wote wanasema kwa ulimi mmoja wa mtunzi, kasoro ambayo huzikumba sana riwaya zilizoandikwa kwa nia ya kufundisha maadili.

Eneo jingine linalohitaji jicho la mtaalamu ni mtazamo wa msimulizi, maana yake ni nafasi ambayo hadithi inasimuliwa kutoka kwayo na mipaka ya yale ambayo msimulizi anaweza kuyajua. Msimulizi wa nafsi ya kwanza, kama vile Kazimoto katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi au Kongowea Mswahili katika Siku Njema ya Ken Walibora, humleta msomaji karibu sana na fikra za mtu mmoja, lakini humnyima haki ya kuingia katika vyumba ambavyo mtu huyo hakuwamo. Msimulizi maizi, yaani ajuaye yote, ana uhuru wa kupita katika nyoyo za wahusika wote, ila uhuru huo ukitumika ovyo, hata ndani ya aya moja, msomaji hushindwa kujua asimame na nani. Mtunzi mwenyewe ni vigumu kuyaona makosa ya aina hii, kwa sababu yeye anayajua mambo yote ya hadithi yake, na ujuzi huo huziba pengo lililo katika maandishi kabla hajaligundua.

Hata hivyo, vigezo hivyo havifai kutumiwa kama sheria za mahakama. Kezilahabi alipotoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, alitoa kazi fupi ambazo ziliacha uhalisia na kujengwa kwa mafumbo, ndoto na visasili, na mtathmini ambaye angezipima kwa kanuni za riwaya ya kihalisia angemshauri mtunzi aondoe hasa yale yaliyozipa upekee. Mtathmini mwema hutafuta kwanza kusudi la kazi yenyewe, ndipo aulize kama njia zilizotumika zinalifikisha kusudi hilo. Tahadhari kama hiyo yahitajika katika lugha pia, kwa kuwa mazungumzo ya mvuvi wa Pemba, mfanyabiashara wa Lubumbashi na kijana wa Nairobi yakisafishwa yote yakawa Kiswahili sanifu kimoja, wahusika hao hupoteza ushahidi wa mahali walipotoka. Usanifu una nafasi yake katika usimulizi, lakini mhusika ana haki ya kusema kwa lahaja na mtindo wa watu wake, ilmradi msomaji wa mbali asipotee.

Kumchagua mtathmini ni jambo linalohitaji uchunguzi. Anayefaa ni mtu aliyesoma riwaya nyingi za Kiswahili za aina inayohusika, aliyewahi kuhariri au kuhakiki kazi zilizochapishwa, na asiye na uhusiano wa karibu na mtunzi. Mwalimu mahiri wa sarufi anaweza kuwa mhariri bora wa lugha bila ya kuwa mtathmini wa usimulizi. Mswada unapokabidhiwa huambatishwa na muhtasari wa hadithi, maelezo ya wasomaji wanaokusudiwa, na maswali machache ambayo mtunzi anataka yajibiwe, kwa kuwa swali la jumla kuhusu uzuri wa kazi huleta jibu la jumla. Makubaliano yaandikwe na yataje kiasi cha malipo, muda, urefu wa taarifa na sharti la kutouonyesha mswada kwa mtu mwingine. Kuhusu hofu ya kuibiwa kazi, mtunzi ajue kwamba Kenya tangu mwaka 1993 na Tanzania tangu mwaka 1994 ni wanachama wa Mkataba wa Berne, ambao chini yake hakimiliki huzaliwa pamoja na andiko lenyewe bila ya kusubiri usajili, na kwamba ushauri wa mtathmini haumfanyi kuwa mmiliki mwenza. Hata hivyo, nakala zilizohifadhiwa zikiwa na tarehe husaidia sana pale ushahidi unapohitajika.

Taarifa ikishapokelewa, inafaa isomwe yote, iwekwe kando kwa siku kadhaa, kisha isomwe tena wakati uchungu wa kukosolewa umepungua. Katika usomaji huo wa pili mtunzi atenganishe mambo mawili ambayo mara nyingi huandikwa pamoja, nayo ni kasoro iliyoonekana na dawa iliyopendekezwa. Msomaji mzoefu anaposema kwamba alichoka katika sura ya tano, huo ni ukweli kuhusu usomaji wake ambao mtunzi hawezi kuukanusha; lakini anaposema kwamba sura hiyo ifutwe, hilo ni pendekezo moja kati ya mengi, na huenda tiba halisi iko katika sura ya pili ambapo msingi wa mambo hayo haukuwekwa. Ikiwezekana kazi isomwe na watathmini wawili wasiojuana, kwani mahali ambapo wote wawili wamekwama, hata kama wametoa sababu tofauti, ndipo penye haja ya kurekebishwa bila ya shaka, ilhali mahali wanapopingana uamuzi hubaki kwa mtunzi.

Gharama ya huduma hii ni kikwazo cha kweli kwa waandishi wengi, na haitoshi kuwaambia wajitahidi. Vyama vya waandishi vinaweza kupanga utaratibu wa wanachama kusomeana miswada kwa kufuata mwongozo ulioandikwa, idara za Kiswahili katika vyuo vikuu zinaweza kuwafundisha wanafunzi wa uhakiki kuandika taarifa za miswada chini ya usimamizi wa walimu wao, na waandalizi wa tuzo wanaweza kuwapa walau wale waliofika hatua za mwisho maelezo mafupi ya jopo. Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji chombo kipya, kwa kuwa wasomaji wenye ujuzi wapo na miswada ipo. Lugha ambayo kwa karibu miaka mia moja imekuwa na watu wa kuipima sentensi yake ina uwezo wa kuwapata watu wa kuipima hadithi yake, na kila mtunzi anayeomba tathmini kabla ya kubisha hodi kwa mchapishaji anasaidia kuifanya kazi hiyo iwe sehemu ya kawaida ya uandishi wa Kiswahili.