Injini Ndogo za Mvuke
Huko Uingereza wako watu wazima wenye vyama vya kuunda na kuendesha injini ndogo za gari la moshi. Chama kimoja cha London kilianzishwa mwaka 1898. Nafasi kati ya reli mara nyingi ni inchi 5 tu, lakini injini huchoma makaa ya kweli na kuvuta watu kadhaa.

Si mchezo wa watoto, kwani hata boila ndogo ikipasuka huweza kuua. Kwa hiyo boila mpya hujazwa maji baridi, yakashindiliwa kwa pampu hata nguvu yake iwe mara mbili ya ile ya kazi. Boila mbovu ikijaribiwa hivyo, huvuja tu. Kwa mvuke, vipande vingeruka. Asiye na cheti cha jaribio hilo hawashi moto chamani.