Baada ya Miaka Hamsini, Kungwi Nani?

Mwari wa Pwani hakuachwa aingie ukubwani bila mwongozo. Aliwekwa ndani, akapewa somo, yaani kungwi wake, akafundwa usafi wa hedhi, heshima ya mwili na kuishi na mume. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini kwao alikuwa pia mtu wa ngoma ya unyago, ya kuwafunda wari.

Mafunzo hayo huishia mlangoni mwa ndoa. Mwanamke wa miaka 50 hana wa kumfunda upya, ilhali mwili wake unageuka kama ulivyogeuka alipovunja ungo. Hata takwimu humwacha njiani: tafiti nyingi za afya ya uzazi huhoji wanawake wa miaka 15 hadi 49.

Kwa wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni hupungua, joto hupanda ghafla usiku, uke hukauka na tendo la ndoa huanza kuuma. Hapo ndipo bibi huhamia kulala na wajukuu, na babu akadhani amechukiwa. Kumbe vilainishi vya maji vinauzwa katika maduka ya dawa, na daktari anaweza kuandika krimu ya estrojeni. Ila damu ikitoka tena baada ya mwaka mzima bila hedhi, aende hospitali haraka. Huenda ni saratani.

Mwanamume naye huipeleka aibu yake kwa muuza mizizi. Nguvu za kiume zinapopungua, mara nyingine ni mishipa ya damu inayotangulia kutoa taarifa ya kisukari, presha au maradhi ya moyo. Vidonge vya sildenafil husaidia wengi, lakini anayetumia dawa za moyo za kundi la naitreti akivimeza, presha inaweza kushuka kiasi cha kumuua.

Wajane na wagane nao huoana. Kwa kuwa mimba haitarajiwi, kondomu husahauliwa na kipimo cha VVU huonekana ni cha vijana.

Kliniki za kisukari na presha tayari huwakutanisha wazee na wauguzi. Swali moja kuhusu unyumba, likiulizwa kwa faragha na bila kicheko, lingefungua mengi. Na makungwi waliokwisha kuivuka miaka hamsini wapo mitaani. Wana la kufunza, wakiitwa.