Kwa nini amoksilini haitibu mafua? Jibu liko kwenye seli

Msimu wa baridi ukiingia, mafua hupita nyumba kwa nyumba, na wengi wetu hukimbilia duka la dawa kuomba amoksilini, zile "rangi mbili". Mbona dawa hii humponya mtoto mwenye nimonia, lakini mafua hayashtuki? Ili kupata jibu, tuanze na seli.

Seli ni sehemu ndogo kabisa ya kiumbe iliyo hai. Mwili umejengwa kwa seli kama nyumba inavyojengwa kwa tofali. Mwingereza Robert Hooke ndiye aliyezipa jina hilo mwaka 1665, baada ya kutazama kipande cha gome la mti kwa hadubini na kuona vijumba vidogo vidogo.

Zipo seli za aina kuu mbili.

Aina ya kwanza ni seli zenye kiini. Kiini ni kama chumba cha ndani kinachotunza maelekezo ya urithi. Hapa zimo seli za binadamu, ng'ombe, mahindi, fangasi, na hata kimelea cha malaria. Seli ya mmea ina ukuta mgumu kwa nje. Ya mtu haina ukuta, ina utando laini tu.

Aina ya pili ni seli zisizo na kiini, kama za bakteria. Bakteria mzima ni seli moja tu, ndogo sana. Bakteria wengi wana ukuta wa pekee, usiofanana na wa mmea wala wa fangasi.

Hapo ndipo amoksilini inapofanya kazi. Ni ya jamii ya penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka 1928. Dawa hii humzuia bakteria kujenga ukuta wake, naye hupasuka. Seli zetu hazina ukuta huo, kwa hiyo zinabaki salama.

Virusi vya mafua si seli kabisa. Havina ukuta wa kubomolewa. Huingia ndani ya seli zetu na kuzitumia kuzaliana. Fangasi na malaria pia hawana ukuta wa bakteria, kwa hiyo amoksilini haiwagusi.

Tukiinywa bila sababu, bakteria dhaifu walio mwilini hufa, wale sugu hubaki na kuongezeka. Siku mtoto akiugua nimonia kweli, dawa inaweza kushindwa.

Basi tukumbushane. Mafua ya kawaida huisha yenyewe: pumzika na unywe maji ya kutosha. Ukiwa na homa, kapime malaria. Mtoto akipumua kwa kasi au kifua kikibonyea anapovuta pumzi, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Na mtaalamu akikuandikia amoksilini, maliza dozi kama ulivyoelekezwa, usimbakizie jirani.