Kijana huanza kunaswa na kijiwe, unga hufuata

Msimu wa korosho unapoingia, kuanzia mwezi Oktoba, Masasi na Newala hubadilika sura. Minada hufanyika, malipo ya wakulima huingia, pikipiki mpya huonekana barabarani, na mabibo yanayookotwa chini ya mikorosho hugeuzwa uraka na gongo. Ni msimu wa neema. Lakini pia ndio msimu ambao kijana aliyekuwa hana senti mwezi uliopita hushika fedha nyingi bila ya mtu wa kumshauri. Wanaozitamani fedha hizo huenda wanamjua kuliko baba yake anavyomjua.

Kundi huwavutaje vijana?

Wazazi wengi hudhani kuwa kijana huanza kwa kutafuta dawa za kulevya, kisha ndipo anajiunga na wahuni. Mara nyingi mambo huenda kinyume chake. Huanza kukaa kijiweni kwa sababu hana kazi, au ameacha shule, au nyumbani haongei na mtu. Pale kijiweni hupewa jina la utani, hugawiwa sigara, hutetewa akigombana. Bangi huja baadaye kama ukarimu wa wenzake. Kete ya unga, yaani heroini, nayo huweza kufuata njia hiyo hiyo.

Tukitazama vizuri, kijiwe kinaiga kazi ya jando. Watu wa kusini wanalijua hilo. Jando humpa mtoto wa kiume rika, siri, mafunzo na watu wa kumwongoza. Tofauti ni kwamba jando lina mwisho, na kijana hurudishwa kwa wazazi wake kwa shangwe. Kijiwe hakimrudishi mtu. Kila alichogawiwa huwa ni deni, na deni hulipwa kwa kutumwa: peleka mzigo huu, chungulia kama askari wapo, toa gunia moja la korosho za baba ukauze kwa wanunuzi wa kangomba.

Somo la Panya Road

Usiku wa Januari 2, 2015, jiji la Dar es Salaam lilipatwa na taharuki. Vijana wa kundi lililojulikana kama Panya Road walipita mitaani wakipora na kujeruhi watu. Polisi wakakamata mamia ya vijana. Ghasia zile zilitokea baada ya mazishi ya mwenzao aliyeuawa na wananchi kwa tuhuma za wizi. Mwaka 2022 jina hilo likasikika tena kwa uporaji na mauaji.

Tunajifunza nini? Kwamba kumpiga kibaka mpaka afe hakuvunji kundi. Waliobaki huungana zaidi, na wadogo zao hupata cha kulipizia kisasi. Mbali na kuwa ni dhulma, kuchukua sheria mkononi hakutibu ugonjwa.

Wala tusijidanganye kwamba hayo ni mambo ya Dar es Salaam peke yake. Mwaka 2012 zaidi ya kilo 200 za heroini zilikamatwa mkoani Lindi, jirani zetu. Masasi ni njia panda ya Newala, Tunduru, Nachingwea na Mtwara, na tangu Daraja la Umoja lifunguliwe mwaka 2010, ni njia ya Msumbiji pia. Barabara inayopitisha biashara ya halali hupitisha na ya haramu.

Dalili na hatari

Mzazi, angalia haya: kijana kubadili marafiki ghafla, kulala mchana na kukesha usiku, kukonda, kuacha kuoga, vitu vya nyumbani kupotea. Mtumiaji wa heroini mboni za macho huwa ndogo mno, naye husinzia akiwa amekaa. Akiikosa kwa saa chache tu hupatwa na arosto: miayo, makamasi, kutapika, kuharisha na maumivu ya mwili mzima. Wanaochangia sindano wako katika hatari ya kuambukizwa Ukimwi na homa ya ini.

Hapa pana kosa linaloua. Baadhi ya familia humfungia kijana ndani, au kumfunga kamba, mpaka arosto iishe. Baada ya wiki mbili anaonekana mzima, anaachiwa. Lakini mwili wake umekwisha kusahau kile kipimo cha zamani. Akirudi kijiweni na kutumia kiasi kile kile, pumzi huweza kukata. Ukimkuta haamki, anapumua kwa taabu na midomo imebadilika rangi, mlaze kwa ubavu, usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali mara moja na useme kweli alichotumia.

Matibabu yapo

Uraibu ni maradhi, na maradhi hutibiwa. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu ili kuzuia arosto. Baadaye huduma hiyo ilifika mikoa mingine. Zanzibar zimekuwapo tangu mwaka 2009 nyumba za kuwasaidia waraibu, na baadhi ya wanaozisimamia ni watu waliowahi kuzama humo wenyewe wakatoka. Kwa aliye Masasi, aanzie Hospitali ya Mkomaindo. Wa Newala aanzie hospitali ya wilaya, aombe ushauri na rufaa. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya nayo ina simu ya bure, namba 119.

Kazi ya mtaa

Ulevi wa kila namna ni haramu, na kila Muislamu analijua hilo. Lakini kijana akiisikia hukumu hiyo kila siku, na hana pa kwenda baada ya swala ya Isha, atarudi pale anapokaribishwa. Basi tumpe rika jingine. Wenye mashamba wawape kazi ya kupalilia na kupulizia dawa mikorosho, na wawalipe kwa wakati. Waalimu wa madrasa wasiwafukuze wakubwa walioacha kusoma. Timu ya mpira ya mtaa ipate mlezi mtu mzima. Na anayerudi kutoka matibabu asiitwe teja, kwani jina hilo humrudisha kijiweni haraka kuliko miguu yake.

Mzazi, kabla msimu huu haujaisha, yajue majina ya marafiki watano wa mwanao, na wapi wanakaa jioni. Ukishindwa kuyataja, anzia hapo. Mwite leo mle pamoja, umuulize, na umsikilize mpaka amalize.