Siti binti Saad: Mwimbaji Tu?

Wengi wetu tunaosoma fasihi tunakutana na Siti binti Saad ndani ya kitabu cha mtu mwingine. Shaaban Robert alichapisha wasifu wake mwaka 1958, miaka minane baada ya Siti kufariki, akamchora mama wa subira, bidii na adabu. Sawa. Lakini ukishafunga kitabu, hebu jiulize: usanii wake hasa ulikuwa upi?

Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia ya watu wa chini, akapewa jina la Mtumwa. Aliuza vyungu huku akivinadi njiani. Mwaka 1911 akahamia mjini. Taarabu ya mjini wakati ule ilikuwa mambo ya wanaume na mabwana. Klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa 1905, iliimba kwa Kiarabu. Siti akaimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 yeye na wenzake wakaenda Bombay kurekodi santuri.

Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaomwita "mwimbaji" halafu basi. Nyimbo zile zilipikwa na kundi zima, akina Subeti bin Ambar na Buda bin Swedi, kutokana na habari za mitaa ya Ng'ambo walikoishi. Chukua "Kijiti". Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam ameuawa, mtuhumiwa katorokea bara, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokuwa na marehemu. Kortini shauri lilikwisha, ila Siti akalirudisha mbele ya watu, na safari hii aliyehojiwa ni hakimu na sheria yake. Huo si uhakiki wa jamii? Tena umefanywa na mtu asiyejua kusoma wala kuandika!

Tatizo letu wahakiki ni kwamba tunataka jina moja chini ya shairi. Tukikosa jina hilo tunasema ni "fasihi simulizi", tunampa msanii kiti cha nyuma. Sisi wa bara ndio zaidi: mimi nimekulia Ramadhani, Njombe, na Siti nilimjua kwa karatasi kabla sijasikia sauti yake hata mara moja. Nilipoisikia, nilishangaa jinsi inavyokwaruza na kukaza pale hasira inapotakiwa. Wasifu haukuniandaa kwa hasira ile.

Ningeomba semina ijayo ya wasifu tuanze kwa kusikiliza "Kijiti", ndipo tufungue Shaaban Robert.