Nungwi au Paje? Uliza Maji Kwanza

Pesa ya ngano ikishaingia na shule zikikaribia kufungwa, mazungumzo ya Njoro hubadilika. Vyama vya akina mama, walimu wa sekondari na wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Egerton, ambao zamani wangepanga Desemba ya Mombasa, siku hizi wanaitaja Zanzibar, na mimi hufurahi kuwasikia. Aliyekulia kwenye baridi yetu ya zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari anastahili wiki moja ya jua la Unguja. Wakishakubaliana kwamba wanasafiri, huja swali la pili: tukae Nungwi au tukae Paje? Jibu hutafutwa kwenye picha za simu, na huko pwani zote mbili zina mchanga mweupe, minazi na maji ya rangi ya feruzi. Picha haisemi ilipigwa saa ngapi, na saa ndiyo habari yenyewe.

Sisi maji tunayoyajua ni ya ziwa. Ziwa Nakuru lilipanda katika miaka ya 2010 hata likameza lango kuu la zamani la mbuga, lakini lilifanya hivyo kwa miezi na miaka. Bahari ya Unguja hupanda na kushuka mara mbili kila siku, na kutoka maji kujaa hadi maji kupwa ni saa sita tu na dakika kidogo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvu, na tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa inaweza kufika karibu mita 4. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali wala haiji juu sana. Isitoshe, kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo aliyeogelea saa nne asubuhi Jumatatu asitarajie maji yaleyale saa nne siku ya Ijumaa.

Nungwi iko kwenye ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa, kilomita 60 hivi kutoka Mji wa Zanzibar. Kule sakafu ya bahari huteremka upesi karibu na ufuo, hasa upande wa magharibi unaoelekea Kendwa, kwa hiyo hata maji yakipwa unapiga hatua chache tu na yako kifuani. Mwenye watoto wanaotaka kuogelea asubuhi, mchana na jioni asisumbuke kutafuta zaidi. Jua linatua baharini mbele ya macho yako, na mashua huondoka kupeleka watu kwenye matumbawe ya Mnemba kutazama samaki.

Lakini Nungwi ilikuwa kijiji cha wavuvi na mafundi kabla ya kuwa na kitanda hata kimoja cha mgeni, na ukitembea kidogo kupita hoteli utaikuta kazi hiyo ingali hai. Majahazi yanaundwa hapo hapo mchangani. Mataruma husimama wazi kama mbavu, na fundi anachonga ubao kwa tezo akiupima kwa jicho tu, bila mchoro wa karatasi. Mwingine anatoboa tundu kwa keekee, mkono mmoja ukiuvuta na kuusukuma uta, na wa tatu anasukumiza pamba yenye mafuta katikati ya mbao kutia kalafati. Simama pembeni, wasalimu, utajibiwa vizuri. Karibu na mnara wa taa kuna bwawa la Mnarani, lililoanzishwa 1993, ambako kasa walionaswa na nyavu hutunzwa kisha hurudishwa baharini.

Kinachonisumbua Nungwi ni msongamano. Hoteli zimebanana ufuoni hadi mwenyeji mwenyewe analazimika kuzunguka apate njia ya kufikia mashua yake. Mapapasi, yaani madalali wa ufuoni, hawakuachi upumzike: huyu ana safari ya pomboo, yule ana bangili, mwingine ana gari la rafiki yake. Usiku muziki haulali, na usiku wa mwezi mpevu Kendwa hujaa wacheza dansi kutoka kila pembe ya dunia. Vijana watapenda. Aliyekuja kupumzika na mama yake mzee, nadhani, atalala vibaya.

Paje ni kisa kingine. Iko pwani ya mashariki, kilomita kama 50 kutoka mjini, na kusini yake ni Jambiani, kaskazini yake Bwejuu. Ufuo ni bapa mno, na mwamba unaokinga mawimbi uko mbali. Maji yakipwa wakati wa bamvu, bahari huondoka kabisa ikaacha kilomita nzima ya mchanga na vidimbwi. Mtu wa bara akiamka akaona hivyo hudhani kadanganywa na hoteli. Hajadanganywa. Asubiri saa chache, bahari itarudi mpaka kwenye ngazi.

Na asisubiri akiwa ameketi, kwa sababu saa hizo ndizo Paje inapofanya kazi. Wanawake hushuka na kamba na magunia, nguo wamezikunja magotini, kwenda kwenye mashamba yao ya mwani. Shamba ni safu za kamba zilizofungwa kwenye vijiti vilivyokitwa mchangani, na kila baada ya nafasi kidogo hufungwa kitawi cha mwani ili kikue. Baada ya wiki 6 hivi mwani huwa tayari. Huvunwa, huanikwa juani, hufungwa kwenye magunia na kusafirishwa ng'ambo, ambako hutolewa karaginani, kitu kinachoipa dawa ya meno, aiskrimu na losheni uzito wake. Kilimo hiki cha biashara kilianzia hapa Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Fedha yake imesomesha watoto, ikanunua mabati na vitanda.

Mkulima wa Njoro akifika hapo hahitaji mwongozaji. Atauliza mbegu, muda na bei, kisha atasikia kilio anachokijua. Aina ya mwani yenye bei nzuri, kotonii, hufa maji yakipata joto kupita kiasi, na kwa miaka mingi sasa wengi wamebaki na spinosum, yenye bei ya chini. Sisi ambao ngano za nchi nyingi huletwa kwetu kupimwa dhidi ya kutu ya shina aina ya Ug99 tunajua maana ya kupoteza zao bora kwa jambo ambalo jembe haliliwezi. Ndiyo maana hunichoma ninaposikia mgeni akilalamika kwamba vijiti vya mwani vinaharibu picha yake, au nikiona watu wakikanyaga kamba wakielekea kwenye vidimbwi. Lile ni shamba la mtu. Nani wa kwetu angekubali mtalii apige picha katikati ya ngano iliyochanua bila hata hodi? Pale Paje kuna wanawake wanaotengeneza sabuni na mafuta ya mwani na kuwatembeza wageni shambani kwa malipo. Hiyo ndiyo njia ya kuingia.

Upepo nao una usemi. Likizo yetu ya Aprili inaangukia masika, mvua ni nyingi na baadhi ya hoteli hufungwa, iacheni. Agosti ni kusi, upepo unaoipiga pwani ya mashariki moja kwa moja. Wakati huo Paje hujaa watu wa kaiti, wanaoteleza juu ya maji kwa ubao huku wakivutwa na tiara kubwa, na kuogelea katikati yao kunataka uangalifu. Desemba kaskazi huanza, joto hupanda na bei hupanda zaidi. Kote kuwili, vaa viatu vya majini, maana kwenye miamba kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi. Ukitoka ufuoni kuingia kijijini, jifunike vizuri. Hivi ni vijiji vya Waislamu, na sisi ni majirani, hatuna kisingizio cha kutojua.

Mkenya hahitaji viza, ila cheti cha chanjo ya homa ya manjano asikisahau. Kutoka mjini, daladala namba 116 huenda Nungwi; 309 ya Jambiani na 324 ya Bwejuu hupitia Paje. Ukiulizia ushauri wangu, familia yenye watoto wadogo na siku chache iende Nungwi. Wengine nawapeleka Paje, au Jambiani kulikotulia zaidi, na kabla ya kulipia chumba watazame kalenda ya mwezi. Wafike siku mbili tatu kabla ya bamvu, wayaone mashamba yakiwa wazi, kisha wabaki mpaka maji yawe mafu waogelee wanavyotaka. Njiani wateremke Jozani kuwaona kima punju, ambao asili yao ni Unguja peke yake. Aliyezoea mbega wa Ziwa Nakuru atawatambua kwa undugu wao, ingawa hawa wana migongo myekundu.